Pikipiki Kubwa Ikianza Vituko: Dalili, Chanzo, na Kasoro Ambazo Kiwanda Kilishakiri

Pikipiki kubwa nyingi zinazonguruma Thika Road Jumapili asubuhi hazikununuliwa mpya. Zilikuja zimetumika, nyingine kutoka Japani, nyingine Uingereza, zikashuka Mombasa, na hadi leo zimepita mikononi mwa watu watatu au wanne. Sasa, kiwanda kinapogundua kasoro ya usalama, humwandikia mwenye pikipiki aliye kwenye rekodi zake ili airudishe kwa wakala irekebishwe bure. Tangazo hilo ndilo huitwa mwito. Mwenye rekodi yuko Osaka au Leeds na aliiuza zamani. Barua hiyo haifiki Ruaka.

Ndiyo maana utamkuta mtu anabadilisha kifaa kilekile kila baada ya miezi kadhaa, hajui kwamba kiwanda kilishakiri kosa na kutengeneza kifaa kingine. Na kuna mwenzake aliyesoma mahali kwamba modeli yake "ina shida", basi kila mlio anausingizia kiwanda, kumbe cheni haijakazwa tangu Krismasi. Mwongozo huu ni wa wote wawili. Kila dalili inaanza na chanzo cha kawaida na mwisho inafika kwenye kosa la kiwanda, kwa sababu huo ndio mpangilio ambao hauli pesa.

Anza na namba ya fremu

Namba imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, mara nyingi upande wa kulia. Ifute vumbi, ipige picha, kisha uilinganishe na logibuku. Zisipofanana, una tatizo kubwa kuliko breki.

Ikiwa na herufi na tarakimu 17, kwa kawaida pikipiki ilitengenezewa soko la Marekani, Ulaya au kwingineko nje ya Japani. Iliyouzwa Marekani unaiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya huko, nayo itakuonyesha miito ambayo bado haijatekelezwa. Angalia jambo moja: utafutaji kwa namba hurudi nyuma miaka 15 tu. Kwa pikipiki ya zamani zaidi tafuta kwa modeli na mwaka. Ya Uingereza, DVSA, mamlaka ya magari ya huko, wana ukurasa wa aina hiyo. Namba ikiwa fupi, yenye herufi chache, kistari, kisha tarakimu, hiyo ilitengenezewa soko la ndani la Japani. Usihangaike nayo kwenye tovuti ya Marekani, haitatambulika. Wizara ya usafiri ya Japani ina orodha yake.

Fundi anayetaka kukuuzia kifaa cha breki au cha umeme kabla hajauliza namba ya fremu anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa zako.

Mkono wa breki ya mbele umekuwa laini

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Dalili huja kwa namna mbili. Ya kwanza: unatoka nyumbani breki ikiwa imara, lakini ukishateremka ile barabara ya Mai Mahiu ukifunga breki kila kona, mkono unazama karibu na mshikio. Ya pili ni ya hila zaidi. Pikipiki imekaa wiki nzima bila kuguswa, unabana mkono, unakwenda hadi mwisho. Unabana tena mara tatu, nne, unarudi kuwa mgumu, unasema "aah, iko sawa," unaondoka.

Chanzo cha kawaida kabisa ni oili ya breki iliyozeeka. Oili ya aina ya DOT 4 hunyonya unyevu hewani hata kama hujafungua kifuniko. Ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 155, na mteremko mrefu wenye breki nyingi unaweza kuifikisha huko. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabanika. Watu huangalia kiwango kwenye kichupa, hawaangalii umri. Ikifanana na chai ya rangi, imekwisha. Hata ikiwa bado nyeupe, ibadilishe kila baada ya miaka 2.

Baada ya hapo ni hewa iliyobaki ndani, hasa kama mpira wa kupitishia oili ya breki au kalipa (kibanio cha pedi kwenye gurudumu) ilifunguliwa karibuni. Halafu pedi zilizokwisha, au pistoni za kalipa zilizogandishwa na vumbi na tope. Halafu sili za masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na mkono: inua kifuniko cha mpira kilicho nyuma ya mkono, na kama kuna unyevunyevu hapo, sili inavuja. Sili ya ndani haikuonyeshi unyevu wowote. Ili kuijaribu, simamisha pikipiki, bana mkono kwa nguvu unayotumia kufunga breki kawaida na ushikilie kwa nusu dakika. Ukizama polepole ilhali hakuna tone popote, sili inapitisha oili kwa ndani.

Sasa kosa la kiwanda. Mwaka 2013 Suzuki iliita GSX-R600 na GSX-R750 za 2004 hadi 2013, pamoja na GSX-R1000 za 2005 hadi 2013. Pistoni iliyo ndani ya masta silinda ya mbele haikupakwa kinga sawasawa. Oili ikizeeka na kushika maji, pistoni inaliwa na kutu, kutu inatoa gesi, na kwa kuwa tundu la kuelekea kwenye kichupa lilikuwa ubavuni, gesi ile haipati njia nzuri ya kutoka. Matokeo yake ni mkono laini na pikipiki inayokwenda mbali zaidi kabla ya kusimama.

Unavyoitambua: breki inatolewa hewa na fundi anayejua kazi, inakuwa ngumu vizuri, kisha baada ya siku chache bila kufunguliwa popote inalegea tena. Ukinyonya oili yote kutoka kwenye kichupa unaweza kukuta chini utelezi mzito wa kijivu, na pistoni ikitolewa ina vidonda vidogo vyeupe vilivyochimbika pale ilipopaswa kung'aa. Kutoa hewa hakuponyi hilo. Wapo wanaofunga mkono wa breki kwa kamba usiku kucha, asubuhi wanaukuta mgumu wakafurahi. Hewa kidogo imepanda, pistoni bado inaliwa. Dawa ni masta silinda ya toleo lililorekebishwa.

Ducati na Aprilia kadhaa zenye masta silinda ya Brembo PR16 nazo ziliitwa, kwa sababu nyingine: pistoni ilikuwa ya plastiki na iliweza kupasuka, ikabadilishwa kwa ya alumini. Kama pikipiki ya namna hiyo iliwahi kuanguka upande wa kulia, uliko mkono wa breki, usisubiri dalili.

Usimimine DOT 5 ya silikoni kwenye mfumo wa DOT 4. DOT 5.1 inaruhusiwa, majina tu ndiyo yanachanganya.

ACHA HAPO: mkono ukigusa mshikio hata mara moja, pikipiki inapanda pikapu. Hakuna "nitaiendesha polepole hadi kwa fundi", kwa sababu matatu itakayosimama ghafla mbele yako haijui kwamba uko polepole.

Betri inakufa, taa zinafifia, injini inazima njiani

Nunua mita ya umeme. Ya bei nafuu inatosha, na itakuokolea gharama ya betri ambazo hazikuwa na kosa.

Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima huonyesha volti 12.6 au zaidi. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 5,000: sasa uone kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi.

Kuchaji kukiwa sawa na bado betri inakufa, sababu ya kwanza hapa Nairobi ni traka na kengele za wizi. Zinafungwa haraka haraka, waya umeunganishwa popote, na zinanyonya usiku na mchana. Pikipiki inayoendeshwa Jumapili tu haina muda wa kulipa deni hilo. Zima injini, pitisha mita ya ampea kati ya betri na waya wake hasi, kisha uchomoe fyuzi ya traka uone tofauti. Sababu ya pili ni vituo vya betri vilivyolegea au kuota ukungu wa kijani. Ya tatu ni betri yenyewe kuzeeka.

Kuchaji kukiwa si sawa, fuata waya tatu zinazotoka kwenye koili ya kuchaji kwenda kwenye regyuleta (kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri), mara nyingi zote ni za rangi moja. Chomoa soketi yake uitazame mwangani. Plastiki nyeupe iliyogeuka kahawia, au iliyoyeyuka kuzunguka pini moja, ni jibu tosha: pini ilikuwa legevu, ikapata joto, ikajichoma. Soketi ikiwa safi, pima koili. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 na soketi imechomolewa, kila jozi ya waya itoe volti za AC zinazolingana na nyingine. Mara nyingi ni zaidi ya 50, na kitabu cha modeli yako kina kiwango kamili. Injini ikizimwa, waya wowote kati ya hizo usiwe na mguso na chuma cha pikipiki. Koili ikifaulu yote hayo, mkosaji ni regyuleta.

Regyuleta ndiyo iliyoiponza Suzuki mwaka 2011, ilipoita modeli kadhaa zikiwemo Hayabusa za 2008 hadi 2010. Bodi ya umeme ndani ya regyuleta haikushikamana vizuri na sehemu ya kutolea joto. Ikipata moto inajipinda, inaachana nayo, kuchaji kunakoma, na pikipiki inaendelea kwa betri pekee hadi inazima. Kama unayo ya miaka hiyo na regyuleta bado ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, ibadilishe hata kama leo inachaji.

Fundi akitaka kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka "aone kama inachaji", mnyang'anye spana. Kwenye pikipiki yenye kompyuta ya injini, hilo ni jaribio la kuiua kompyuta.

ACHA HAPO: volti zikipita 15, au ukisikia harufu ya plastiki kuungua chini ya kiti, zima na ukate waya hasi. Iliyobaki ni kazi ya fundi umeme.

Inazima ukipunguza mwendo

Swichi ya stendi ya pembeni kwanza. Iko chini, inakula tope na vumbi lote, na ikiyumba kidogo injini inadhani umeshusha stendi ukiwa kwenye gia. Isafishe, itikise kwa mkono injini ikizunguka polepole, uone kama itazima. Kisha swichi nyekundu ya kuzimia, kichungio cha hewa, petroli chafu, na masizi kwenye midomo ya kuingizia hewa. Sensa ya mafuta na pampu zinakuja baada ya hapo, na kuzikagua kunahitaji kifaa cha kusomea kompyuta.

Si kila upungufu wa nguvu ni kasoro. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Za sindano, ambazo kompyuta ndiyo hupima mafuta, hujirekebishia zenyewe. Za kabureta, kama Yamaha R1 za 1998 hadi 2001, zikiwa na jeti (vitundu vya kupitishia mafuta) za usawa wa bahari zitakula mafuta mengi na kuacha plagi nyeusi. Hapo hitaji ni jeti ndogo.

Joto linapanda kwenye jamu

Pikipiki haziruhusiwi kwenye Expressway, kwa hiyo unabaki chini yake Mombasa Road pamoja na malori, na injini iliyotengenezwa ipozwe na upepo wa kasi. Feni kuanza kuzunguka karibu na nyuzi 100 au 105 ni kawaida. Isipozunguka, tazama fyuzi yake, kisha soketi yake, kisha unganisha feni moja kwa moja na betri uone kama mota ni nzima. Maji yaangaliwe injini ikiwa baridi. Osha rejeta kwa maji ya kawaida, si mashine ya presha inayolaza mapezi.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa sana. Kwenye mwinuko wetu maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo kifuniko kilicholegea kinaumiza zaidi hapa kuliko Mombasa. Ni kifaa cha bei ndogo, kibadilishe kabla ya kugusa themostati au pampu.

ACHA HAPO: nyuzi 115 na bado zinapanda, egesha na uzime. Usifungue kifuniko ikiwa moto. Mapovu yasiyoisha kwenye chupa ya akiba, au oili yenye rangi ya maziwa, ni gasketi ya kichwa cha injini iliyoharibika.

Gia inaruka, hasa ya pili

Kaza cheni kwa kipimo cha kitabu, rekebisha urefu wa kamba ya klachi, angalia kama pedali ya gia imekaa pembe inayofaa kiatu chako. Mtu akipanda na buti nene akiwa amezoea raba, hubadilisha gia nusunusu. Kama kuna kifaa cha kubadilisha gia bila klachi, kizime kwa siku moja ulinganishe. Oili iwe yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili ya gari yenye vilainishi hufanya klachi iteleze, na wengi hudhani ni gia.

Ikiendelea kuruka ukiwa umefungua mafuta, meno ya kushikia gia yameviringika au uma wake umepinda. Hiyo ni injini kupasuliwa. Kwa R1 na R1M za 2015, simama kabla hujamlipa mtu: Yamaha iliziita kwa sababu gia za pili ndani ya giaboksi ziliweza kuvunjika. Gia ikivunjika ukiwa kwenye mwendo inaweza kuzuia gurudumu la nyuma lisizunguke. Usiijaribu tena barabarani kuhakikisha.

Usukani unatikisika

Hii ndiyo dalili inayosingiziwa kiwanda zaidi na ambayo mara chache huwa kosa lake. Upepo wa tairi kwanza, ukiwa baridi; nyingi za daraja hili hutaka psi 36 mbele na 42 nyuma. Kisha umri wa tairi: tarakimu nne ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri na umri wa miaka minane ni mapambo. Kisha rimu, maana matuta yasiyo na rangi yamepinda nyingi. Zungusha gurudumu hewani ukiwa umeweka kalamu karibu na ukingo. Mwisho beringi za shingo: inua mbele, geuza usukani polepole, na ukihisi kijishimo katikati, zimekwisha.

Ikikutikisa ukiwa kasi, legeza mikono, punguza mafuta taratibu, usikanyage breki kwa nguvu.

Harufu ya petroli

Haina ngazi za ukaguzi. Zima, sukuma mbali na jiko na sigara, tafuta unyevu chini ya tanki. Mara nyingi ni kiungio cha plastiki kilichovunjwa na aliyeinua tanki bila subira, au klipu ya mpira iliyorudishwa vibaya. Panigale V4 za 2018 ziliitwa na Ducati kwa kasoro zinazoweza kumwaga mafuta, kwa hiyo mwenye nayo aanze na namba ya fremu. Usifunike uvujaji kwa gundi.

Mlio wa chuma kugonga ndani ya injini

Angalia oili, pikipiki ikiwa imesimama wima na injini imepumzika dakika chache. Mlio wa juu, mwepesi, unaopungua injini ikipata moto, mara nyingi ni kikazio cha cheni ya kamshafti au gasketi ya ekzosi. Mlio mzito wa kugonga, wa chini, unaoongezeka ukifungua mafuta ni habari nyingine. Baadhi ya BMW S1000RR za mwaka wa modeli 2012 ziliitwa kwa sababu bolti za koneksheni rodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) ziliweza kulegea. Hapo usiiwashe tena, hata kumsikilizisha fundi. Mchezee video uliyorekodi.

Ukithibitisha kwamba ni ya kiwanda

Nenda kwa wakala wa chapa yako ukiwa na nakala ya logibuku, picha ya namba ya fremu na tangazo la mwito lililochapishwa. Uliza kwa maandishi, barua pepe inatosha: mwito huu ulishatekelezwa kwa namba hii, na kama bado, mtautekeleza? Kwa pikipiki iliyoletwa na mtu binafsi wakala anaweza kusita. Mwandikie mtengenezaji katika nchi ilikouzwa mara ya kwanza, akuthibitishie hali yake. Kama uliinunua yadi karibuni na muuzaji alijua akanyamaza, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakupa pa kuanzia, na maandishi hayo ndiyo ushahidi wako.

Ukilazimika kujinunulia, agiza kwa namba mpya ya kifaa. Kiwanda kikirekebisha kifaa kwa kawaida hubadilisha namba yake, wakati mwingine tarakimu za mwisho tu, na madukani Kirinyaga Road boksi la zamani na jipya yanaweza kukaa rafu moja. Linganisha kabla ya kulipa. Kifaa kilichotolewa kidai, kitie kwenye mfuko na ukiweke. Risiti iandikwe namba ya fremu, namba ya kifaa kipya na kilomita za siku hiyo, ikae pamoja na logibuku, kwa maana mnunuzi atakayefuata naye hataletewa barua.